Mrusi Hakutuchimbisha Handaki

Mimi ndiye niliyewaambia watu wa Endarasha wanunue mbolea kabla vita havijaanza. Hilo halipingwi na mtu, hata Dedan dalali. Januari ya mwaka ule, redio ikiendelea kutuambia ati majeshi yanafanya mazoezi tu mpakani, nilichukua chaki nikaandika kwenye ukuta wa duka langu: NUNUENI MBOLEA SASA, VITA VINAKUJA. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Duka ni langu, mbolea ni yangu, ukuta ni wangu, nani asingecheka? Waliosikia walivuna viazi mwaka ule. Waliocheka walipanda kwa samadi na maombi.

Sikuota. Nilisoma magunia. Nimeuza mbegu na mbolea miaka thelathini na moja, na gunia la mbolea husema ukweli kuliko waziri: limeandikwa lilikotoka. Nikajua Mrusi na jirani yake wakishikana mashati, wa kwanza kuumia nje ya kwao ni mwenye robo ekari ya viazi huku Kieni. Siasa ya dunia haiko kwenye ule ukumbi wenye bendera nyingi, ambako balozi wetu husimama akasoma karatasi nzuri. Iko kwenye gunia. Shule niliachia darasa la saba. Mengine yote nimeyasoma kwenye magazeti yaliyofungia nyama na misumari, mara nyingine mwanzo wa habari uko kwangu na mwisho umebaki kwa jirani.

Tangu hapo ukuta ukawa na pande mbili. Upande wa kushoto niliandika dawa ya mnyauko, siku za baridi kali, mbegu gani imefika. Upande wa kulia nilichora vita. Ukraine nilichora kwa chaki nyeupe, mstari wa mapigano kwa chaki nyekundu, na kila asubuhi kabla sijafungua duka nilikuwa nimesikiliza redio tatu zinazopingana na kusogeza mstari kwa kidole. Watu walikuja kusoma kabla ya kwenda shamba. Waliacha kuniita mwenye duka, wakaanza kuniita Mchambuzi. Vijana waliniita Guka, babu, kama wanavyowaita wazee wote, lakini mimi waliniita kwa heshima. Nilijua tofauti.

Na juu ya ramani, kwa herufi kubwa ambazo sikuzifuta miaka minne, niliandika: MRUSI HAKUTUCHIMBISHA HANDAKI.

Hakuna mtu wa huku aliyehitaji kuelezwa. Mimi nilizaliwa hamsini na tano, ndani ya kijiji cha Dharura, kile cha kufungiwa watu kwa miti iliyochongwa. Mwingereza aliwatoa akina mama kila asubuhi wakachimbe handaki ukingoni mwa msitu, ili wapiganaji wetu walioko msituni wasishuke kula na walioko chini wasipande kupeleka chakula. Mama alichimba nikiwa mgongoni mwake. Alikufa mgongo wake ukiwa haujanyooka. Huyo Mwingereza hajaenda kwao. Yuko Nanyuki hapo, na kambi yake, na magari yake ya rangi ya matope. Sasa akitokea mtu anayemnyima Mwingereza usingizi, mimi nimuulize kwanza cheti cha ubatizo?

Mtu mmoja tu alinibishia. Mwalimu Khavere, aliyeletwa na serikali kutoka Vihiga kufundisha historia kwenye shule ya upili, alisimama mbele ya ukuta siku moja, mikono nyuma.

"Mzee, kwa hivyo nyoka ambaye hajakuuma unaweza kulala naye kitanda kimoja?"

"Mwalimu, wewe unakula mshahara wa serikali. Serikali inakula kwa Mwingereza. Sikulaumu, unatetea sahani."

Watu walicheka. Khavere pia alicheka, akanunua dawa ya panya akaenda. Nilihesabu hiyo kuwa ushindi.

Agosti ya mwaka jana Muchiri akaja. Muchiri alikuwa kijana wa Wachuka, mjane wa kule chini karibu na josho la ng'ombe. Umri ishirini na nne, amesomea ufundi wa mabomba, na kazi aliyokuwa nayo ilikuwa kupakia magunia ya viazi kwenye lori za Dedan. Aliketi juu ya magunia yangu, akangoja wateja waishe.

"Guka, niko na swali moja. Hao Warusi ni watu aina gani?"

"Unaulizia nini?"

"Kuna kazi. Dereva. Kila kitu wanalipa wao."

Ningeweza kumuuliza dereva wa kuendesha nini, kuelekea wapi. Badala yake nilimgeuza kwa bega nikamwonyesha herufi zangu. "Soma."

Akasoma.

"Basi umejibiwa," nikasema.

Mama yake alikuwa amekataa. Alikuwa ameificha pasipoti ya kijana ndani ya pipa la mahindi, chini kabisa, na pipa lenyewe akalikalia akichambua maharagwe, siku tatu. Muchiri alinituma mimi. Nikashuka hadi kwake, mimi Mchambuzi, nikasimama uani nikamhutubia mwanamke aliyeketi juu ya pipa kama vile nahutubia mkutano wa Mataifa. Nilimwambia habari ya nchi zilizosaidiwa na Moscow zikapata uhuru. Nilimwambia mtoto wa mkulima akikaa hapa atazeekea kwenye mgongo wa lori. Aliacha kuchambua maharagwe.

"Mzee Gatimu, wewe umesoma hiyo vita?"

"Nimeisoma, Mama Muchiri."

"Yote?"

"Yote."

Akainuka. Aliingiza mkono ndani ya mahindi hadi begani.

Muchiri alipiga simu mara nne. Mara ya nne ilikuwa Novemba, kwa video, alikuwa amevaa kofia ya chuma, na alisema haraka haraka: mwambieni Guka baridi ya huku haifanani na ya Kieni. Halafu kimya. Krismasi kimya, mwaka mpya kimya, vita vikaingia mwaka wa tano kimya. Mimi niliendelea kusogeza mstari mwekundu kila asubuhi. Na sasa wacha niseme kitu ambacho sikumwambia mtu: mstari ulikuwa hausogei. Kwenye redio watu elfu walikuwa wanakufa, na kwenye ukuta wangu ilikuwa upana wa kucha.

* * *

Aprili, mvua ikiwa imeanza, Wachuka aliingia dukani akiwa amelowa. Hakutaka kitu cha kununua.

"Ni Wendy," akasema. "Anataka kwenda pia."

Wendy ndiye binti yake, ishirini na moja, aliyekuwa akisuka nywele kwenye saluni pale sokoni. Nikaketi.

"Kwenda wapi?"

"Huko huko. Kuna mama anaitwa Maurine, ako Nyeri mjini, anapeleka wasichana kiwandani. Ati ni kushona na kupika na kufunga vitu kwa makatoni. Halafu huyo Maurine ameangalia kwa simu yake, amesema jina ya Muchiri iko kwa orodha ya hospitali. Hospitali iko mji ile ile ya kiwanda. Wendy akifika atamwona Jumapili."

Mji ule nilikuwa nimeusoma. Nilisoma habari yake mara mbili, mara ya kwanza kwenye gazeti na mara ya pili kwa sababu sikutaka kuamini. Wasichana kutoka Afrika wanaunganisha droni. Adui naye hurusha droni zake kupiga kiwanda hicho, maana hata yeye amesoma gazeti. Na orodha ya hospitali yenye jina la Muchiri ilijitokeza baada tu ya Maurine kujua kwamba Wendy ana ndugu aliyepotea.

"Asiende," nikasema.

"Nimemwambia."

"Mwambie tena."

"Mimi nikisema, anasema ni uchungu wa mama." Wachuka alifuta mvua usoni kwa kitambaa chake. "Sema wewe. Ni wewe anaamini."

Nilimfuata Wendy saluni siku ile ile. Alikuwa amemshika mteja kichwa, mkono mmoja na kitana, nywele bandia zikiwa zimening'inia mdomoni.

"Guka! Umekuja kusuka?"

Mteja akacheka. Nikamwambia nina neno. Akasema niseme tu, huyu mteja ni wa nyumbani. Nikamweleza kiwanda, droni, na hospitali ile ninayoiona kuwa uongo. Hakuacha kusuka hata kidogo.

"Guka, pole. Lakini wewe ndio ulituambia droni za Mrusi ni kazi safi. Ulichora kwa ukuta. Ulichora na mabawa."

"Nilichora, ndio."

"Sasa zikitengenezwa na msichana wa Endarasha zinakuwa chafu?"

"Wendy, wanaokupeleka ni waongo."

"Na wa hapa? Waliniambia nisome nitapata kazi. Nikasoma. Wakaniambia nipige kura nitapata kazi. Nikapiga. Wakati tulitoka barabarani kuuliza iko wapi, wakatupiga risasi. Huyo Maurine ata kama anadanganya, anadanganya na tiketi ya ndege mkononi." Alivuta nywele, mteja akapiga yowe. "Kaa kichwa vizuri, auntie. Guka, mimi siendi kwa sababu ya kiwanda. Ndugu yangu yuko huko peke yake. Wewe hukuwa unamjua vile anaogopa giza."

Kila hoja niliyoitafuta nilikuta nimeshampa jibu lake miaka minne iliyopita, kwa chaki.

* * *

Aliyenisaidia ni Khavere. Nilienda kwake shuleni, na nashukuru hakunikumbusha nyoka. Alisema kuna kijana aliyewahi kumfundisha, jina lake Chris, ametoka kule vitani akiwa hai na sasa anaosha magari Nanyuki. "Hapendi kuongea," Khavere akasema. "Lakini akiona mama mzazi ataongea." Tulimwomba Wendy aje nasi. Akakataa. Mtu aliyetoroka, alisema, atamwambia nini kuhusu mtu ambaye hakutoroka?

Tukaenda mimi na Wachuka. Mahali pa kuosha magari ni kando ya barabara kuu, karibu na kituo cha mafuta. Chris alikuwa kijana mrefu, mkono wa kushoto hauna vidole isipokuwa gumba, na alishika mpira wa maji kwa kwapa. Gari alilokuwa akiosha lilikuwa la wale jamaa wa kambini. Mwenyewe alikuwa amesimama hapo, kijana mwekundu wa shingo aliyevaa sare, akila ndizi. Aliniona, akasema "Jambo, mzee," akaninyooshea mkono. Mimi ni mtu mzima, sikumwacha mkono ukining'inia. Nikamsalimia. Ilichukua muda wa kufumba jicho. Kumbuka jambo hilo.

Gari lilipoondoka, Chris aligeuza ndoo tatu tukaketi. Wachuka alitoa picha ya Muchiri. Chris aliitazama bila kuishika kwa sababu mkono wake ulikuwa na sabuni.

"Namjua. Tulikuwa tunamwita Kieni." Kisha akanigeukia. "Wewe ndio yule mzee wa ukuta?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Alikuwa anakutaja kila saa. Ati kwao kuna mzee anaijua hii vita kuliko makamanda. Tukiambiwa twende mahali, anasema, Guka angetuambia kama ni poa ama ni mbaya."

"Mlikuwa mnafanya kazi gani?" nikauliza.

"Kwanza ilikuwa kuchimba."

"Kuchimba nini?"

"Handaki, mzee. Wiki tatu. Udongo umeganda kama simiti, na ukiacha jembe unapigwa na kitako cha bunduki. Kieni alikuwa anachimba vizuri kutushinda, alisema ni viazi vimemfunza." Alijaribu kucheka. "Baadaye wakatupa bunduki. Tunatumwa wanne wanne, tukimbie kwa uwanja. Hatuendi kushinda chochote. Tunaenda ndio adui atupige, halafu wale wako nyuma yetu waone risasi zimetoka wapi."

Maji yalikuwa yakipita katikati ya viatu vyetu kuelekea mtaroni, yakiwa na mafuta na povu. Nilifikiria baba yangu. Ukutani sikuwahi kuandika habari zake hata neno. Mwingereza alimchukua akampeleka Burma kupigana na Mjapani. Aliambiwa Mjapani ni mbaya, na kweli alikuwa mbaya, na baba alibeba mzinga mgongoni ndani ya msitu usio wake kwa miaka miwili. Aliporudi, mzungu aliyekuwa ofisa wake alipewa shamba Laikipia na baba akapewa kipande, kile kitambulisho cha kuvaliwa shingoni. Alituambia sisi watoto neno moja tu kuhusu vita vile: mbele walikuwa wanatuweka sisi. Nilikuwa nalijua hilo tangu nina miaka sita. Lakini mama alikufa kwa mgongo na baba alikufa kwa uzee, na mtoto hukumbuka zaidi kilichomuua mzazi. Nilishika hasira ya handaki nikaiacha ya Burma, nikafanya hesabu ya dunia nzima kwa mguu mmoja.

Wachuka hakuwa anasikiliza habari za jeshi. Aliinama karibu na Chris.

"Kijana yangu, ulimwona amekufa?"

Chris alijifuta mkono kwenye suruali. "Mama, tulikimbia wanne. Droni ikashuka. Mimi niliangukia huku, yeye akaangukia kule. Nilimwita. Nilimwita sana."

"Hiyo sijauliza. Ulimwona amekufa?"

"Sikumwona akiamka."

"Lakini amekufa, hukuona."

"Mama, usimngoje."

"Jibu."

Kijana aliniangalia mimi, kana kwamba nitamsaidia. "Sikuona," akasema.

Wachuka aliirudisha picha ndani ya Biblia, Biblia ndani ya mkoba, akafunga zipu. "Basi," akasema, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo iliniogofya kuliko machozi. Tulikuwa tumesafiri kutwa kwenda kumletea Wendy ukweli wa kumzuia. Tulirudi na mama aliyekuwa ameokota tumaini kwenye maji machafu ya Nanyuki, na sasa hangeliachilia.

* * *

Nilibaki na njia moja. Siku ya soko niliamka, nikachukua ndoo na kitambaa, nikaufuta upande wa kulia wote. Ramani, mstari, droni yenye mabawa, herufi zangu kubwa. Chaki ya miaka minne haitoki mara moja. Nilisugua hadi rangi ikabanduka. Kisha nikaandika: NILIKOSEA.

Hapo mbele ya duka palijaa kabla ya saa nne. Wendy alikuwa nyuma, amejifunika kofia ya jaketi kwa ajili ya manyunyu. Niliwaona wengine kumi, kumi na watano, wa rika lake. Nikapanda juu ya gunia.

Nilisema yote niliyonayo. Nilisema Mrusi alitaka udongo wa jirani kama Mwingereza alivyotaka wetu, na mimi nilimpigia makofi kwa sababu alikuwa na adui ninayemjua. Nilisema Mwamerika anatoa silaha kwa mkono mmoja na kuzishika kwa mwingine, anapima bei. Ulaya wanalia machozi ya kweli kwa ajili ya Ukraine, lakini Sudan inaungua hapa nyumba ya pili na hawana hata kamasi ya kuitolea. Serikali yetu inatoa taarifa ya kulaani asubuhi, na mchana inatuma vijana popote panapokubali kuwachukua, kuosha wazee wa watu, kulinda majumba ya watu, na sasa kufa vita vya watu, kwa sababu kijana aliye nje haandamani barabarani. Hakuna upande wetu katika vita hivi, nikasema. Kuna magunia yetu na kuna watoto wetu, na vyote viwili vinapakiwa. Muchiri alichimba handaki! Nilipiga kelele sauti ikakatika. Walimchimbisha handaki!

Niliona vichwa vikiitikia. Nilidhani nimewapata.

"Mchambuzi," Dedan akaita. Dedan ni dalali wa viazi, sauti yake imezoea kushinda injini ya lori. "Swali moja tu. Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Nanyuki."

"Kufanya?"

"Kumwona kijana aliyetoka vitani."

"Kijana. Sawa." Akainua simu yake juu. "Na huyu ni kijana gani?"

Picha ilikuwa imeshazunguka kwenye kikundi cha WhatsApp cha wakulima, kila mtu alikuwa nayo. Nilikuwa nimesimama kando ya gari la rangi ya matope, nimemshika mkono askari wa Kiingereza, na kwa sababu jua lilikuwa machoni mwangu nilionekana kama ninacheka.

"Miaka minne Mrusi ni rafiki," Dedan akasema, akizunguka kama mhubiri. "Mzee anaenda Nanyuki siku moja, anashikana mkono na Johnny wa kambini, anarudi, Mrusi ni shetani. Jamani, mimi ni dalali. Najua vile mtu anakaa akishalipwa."

Walicheka. Kicheko kilekile cha mwaka wa mbolea, na mwaka ule mimi ndiye niliyekuwa sahihi.

"Mlijua mimi ni mtu wa kununuliwa?" nikauliza.

"Wewe mwenyewe ulitufunza," mwanamke mmoja akajibu, mwenye kibanda cha mitumba, bila ubaya. "Ukisikia mtu amegeuza maneno, uliza ametoka kula wapi. Si ni wewe ulisema?"

Ni mimi nilisema.

Khavere alisukuma watu akaja mbele. "Mimi ndiye niliyemtuma Nanyuki! Huyo kijana nimemfundisha mimi!"

"Mwalimu nyamaza, wewe tunajua sahani yako," mtu akapaza sauti, na wakacheka tena, na hata maneno hayo yalikuwa yangu.

Nilimtafuta Wendy. Alikuwa amesimama palepale. Hakuwa anacheka. Aliniangalia kama mtu anavyoangalia nyumba aliyokulia ikibomolewa, akageuka akaenda zake katikati ya mafungu ya kabeji.

* * *

Jumatatu walikuja kwangu asubuhi, mama na binti, hata sijafungua duka. Wendy alikuwa na begi moja la magurudumu. Gari la Maurine lilikuwa barabarani, injini ikiwaka.

"Tumekuja kwa mate," Wachuka akasema.

Sikuelewa mara moja. Huku kwetu, mtu akienda safari ya mbali mzee humtemea mate kidogo kifuani, akamtamkia maneno ya amani. Wengi wameacha, makanisa hayapendi. Wachuka mwenyewe ni mtu wa kanisa.

"Muchiri aliondoka haraka," akasema. "Hakuna mzee alimtemea. Baba yake amekufa, wajomba wako Othaya, nikasema si neno, tutaomba tu. Nimekaa nikafikiria usiku na mchana, mzee, na nimeona kosa ni hapo. Huyu hataenda hivyo."

"Mama Muchiri, kosa haliko hapo."

"Liko wapi?"

"Liko kwangu. Pasipoti uliitoa kwenye pipa kwa mkono wako na aliyekuambia utoe ni mimi."

"Hiyo imepita."

"Wendy," nikasema, "nikikutemea nitakuwa nimekutuma."

Msichana alikuwa anaangalia chini. "Na usiponitemea, Guka, utakuwa umenilaani. Mimi naenda tu. Sitaki kwenda nikiwa nimelaaniwa na mtu."

"Unaamini nimenunuliwa?"

Akafikiria. Nilimshukuru kwa kufikiria. "Sijui," akasema. "Lakini mate si ya siasa."

Dereva akapiga honi. Nilitazama gari lile, likiwa na vichwa vya wasichana wengine watatu kwenye vioo vya nyuma, na mmoja alikuwa akijipaka mafuta ya midomo. Ningeweza kulala barabarani mbele ya magurudumu. Wangenizunguka, barabara ni pana. Ningeweza kupiga simu polisi wa hapa. Wangeniuliza kama msichana ana miaka kumi na nane na kama anaenda kwa hiari yake, na ni kweli anayo, na ni kweli anaenda.

Wendy alifungua kifungo cha juu cha jaketi.

Mdomo wangu ulikuwa mkavu. Nimeongea tangu nikiwa kijana, mbele ya machifu na maaskari, mate hayajawahi kunipotea. Nilijaribu, hakukuwa na kitu. Wachuka aliona. Aliingia jikoni kwangu bila kuuliza, akatoka na kikombe cha maji, akanishikia kama anavyoshikiwa mgonjwa. Nilipiga funda moja.

Nikatema, kidogo, juu ya mfupa wa kifua chake. Alikuwa baridi. "Thaai," nikasema, ndilo neno letu la amani, na mama yake akaitikia, "Thaai." Nikamwambia njia iwe nyeupe mbele yake. Nikamwambia arudi. Mara tatu nilisema thaai na mara tatu Wachuka akaitikia, sauti yake ikipanda kila mara kama mtu anayefunga kamba vizuri.

Wendy akafunga kifungo. "Asante, Guka." Akaburuta begi lake hadi barabarani, magurudumu yakikwama kwenye matope, akalibeba.

Gari lilipopinda kuelekea Mweiga, Wachuka alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaukaza. Macho yake yalikuwa makavu na yenye furaha.

"Huyu sasa ameenda vizuri," akasema.

Kisha akashuka kwenda kwake, maana ng'ombe alikuwa hajakamuliwa.